Kitufe cha Nipo

Mgeni hakubisha hodi. Wote watatu mle ofisini walikuwa wameugeukia ukuta, na walipogeuka walimkuta keshaingia, keshavuta kiti, keshakaa na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Hapa ndipo panapotengenezwa ile pochi ya simu?" aliuliza.

Alikuwa mama wa makamo, nadhifu, na nyuzi za rangi mbalimbali zilikuwa zimemganda kwenye mikono ya blauzi. Bosi alikunja uso. Asubuhi hiyo hawakuwa na nafasi ya wageni. Ijumaa wangekuja wakubwa wa kampuni ya simu kuona toleo jipya la programu yao, pochi ya kuwekea sarafu za kidijitali, na toleo hilo lilikuwa bado lina skrini nyingi kuliko walivyoahidi.

Ndiyo maana walikuwa wameukodolea macho ukuta. Kila skrini ya programu ilikuwa imechapishwa na kubandikwa pale. Iliyotakiwa kuondolewa ilihamishiwa upande wa mlangoni, na mwenye kuionea huruma alipaswa kusimama kando yake na kuitetea mbele ya wenzake. Isipopata mtetezi mpaka jioni, inabanduliwa, na hiyo ndiyo inakuwa kwaheri yake.

Msanifu wa programu ile, binti aliyemaliza chuo mwaka uliopita na ambaye bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi, alikuwa amekwisha kubandua skrini nyingi kiasi kwamba wenzake walimbatiza Kifutio. Jina halikumkera. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kila kinachofutwa kinampunguzia mtu hofu. Aliwaza daima juu ya mtu ambaye hajawahi kuingia benki, aliyeshika simu yenye kioo kilichopasuka, anayeogopa kugusa asije akaharibu. Mtu huyo ndiye ambaye Kifutio alikuwa akimfanyia kazi. Na ile programu ya zamani, watumiaji walivyoongezeka, ilikuwa imeanza kukohoa kama mzee anayepanda ngazi.

"Karibu mama, shikamoo," Kifutio alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnataka kukitoa hiki." Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Ilikuwa skrini yenye kitufe kimoja tu, kimeandikwa *Nipo*. Zamani, kabla Kifutio hajaajiriwa, mtu akifungua pochi alichagua ndugu mmoja wa kuwa mlinzi wake. Kila siku akibonyeza *Nipo*, mlinzi anapata taarifa ya neno moja: *Yupo*. Akinyamaza kwa miezi kadhaa, programu inaelewa kuwa hayupo tena, na mlinzi anaruhusiwa kuifungua pochi. Wazo zuri, lakini zito. Kila kubonyeza kuliandikwa, kukahakikiwa na kutumwa, na watu walipozidi, foleni ya *Nipo* peke yake iliziba njia nzima.

"Tumewatumia watumiaji ujumbe, mama," Bosi alisema kwa upole. "Kitaondolewa Ijumaa. Hutapoteza chochote."

"Mimi ni mlinzi wa mwanangu," mama alisema. "Mwanangu alikuwa fundi wa lifti. Alifariki kazini, mwanzoni mwa mwaka." Alifungua mkoba akatoa leso, akaikunjua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na simu iliyopondwa ikawa bapa kama biskuti iliyokaliwa. "Hii ilikuwa mfukoni mwake."

Bosi alisema pole. Mvi, mtengeneza programu, kijana ambaye nywele zake zilikuwa zimewahi kuzeeka kuliko yeye, naye alisema pole.

"Nimekwisha kupoa," mama alisema. "Lakini kila siku, adhuhuri ikishapita kidogo, wakati ule aliokuwa akinipigia akitoka kula, napata taarifa." Akatoa simu nyingine, nzima, akaigeuza wasome. Kioo kilijaa neno moja, kutoka juu mpaka chini. *Yupo. Yupo. Yupo.*

Mvi alicheka kidogo, kicheko cha fundi aliyeona kosa analolijua. "Mama, hiyo ni seva yetu imepagawa tu. Ngoja nikuonyeshe." Akavuta kompyuta yake, akaandika mawili matatu, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akaandika tena.

"Vipi?" Kifutio aliuliza.

"Ina sahihi," Mvi alisema. "Ukibonyeza *Nipo*, simu yako inatia sahihi kwa ufunguo wake. Huwezi kuighushi. Na ufunguo haukai kwetu, unakaa ndani ya..." Macho yake yaliiangukia leso.

Hapo ndipo simu ya mama ilipotetemeka juu ya meza. Mtetemo ulikuwa mdogo tu, lakini kiti cha Bosi kilirudi nyuma chenyewe.

*Yupo.*

"Sitaki kilichomo ndani ya pochi," mama alisema, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Kama ni vijisenti vyake, vikae. Ninachotaka ni kumjibu. Nimebonyeza kila mahali, hakuna pa kujibia. Mkikitoa hicho kitufe Ijumaa, atabonyeza, na mimi sitajua kuwa anabonyeza."

Kifutio alikuwa na udhaifu wa kuona haya badala ya wengine. Aliitazama ile skrini pale mlangoni akaona haya badala ya yule aliyeichora. Ilikuwa na mahali pa kusema nipo, bila mahali popote pa kuambiwa umesikika.

"Mama," alisema, "kabla hatujakizima, nitakuwekea kitufe cha kumjibu."

"Ahadi?"

"Ahadi, mama."

Aliitoa ahadi hiyo kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye kiti, bila kupiga hesabu. Mama aliikunja leso yake, akawaaga mmoja mmoja, akaondoka.

"Dada'angu," Mvi alisema mlango ulipofungwa, "umemwahidi mtu barua ya kwenda wapi?"

Kesho yake Mvi alikuja na maelezo. Alikuwa ameyawaza usiku kucha. Mtu aliiba ufunguo, alisema, kabla ya ajali, sasa anawachezea shere. Kulithibitisha ni rahisi: wangelitazama toleo la majaribio. Toleo hilo lilikuwa ndani ya kompyuta moja tu pale ofisini na simu moja ya majaribio, bila waya wala mtandao wa kuliunganisha na dunia. Watumiaji wake wote walikuwa wa kubuni, nao Mvi aliwapa majina ya matunda. Chungwa alimtumia Nanasi, Nanasi alimtumia Embe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tumbo. Tena humo Kifutio alikuwa amekwisha kuifuta skrini ya *Nipo*. Haikuwamo.

"Mwizi hawezi kuingia humu," Mvi alisema. "Leo mchana simu ya mama itapata taarifa, humu kutakuwa kimya, na sisi tutakula kwa amani."

Walikula mezani, vyombo kando ya kompyuta. Nje jua lilikuwa kali, magari yalipiga honi, mtu alikuwa akitoboa ukuta ghorofa ya chini. Ulikuwa mchana wa kawaida kabisa. Adhuhuri ikapita kidogo. Simu ya majaribio, iliyolala kando ya chupa ya maji, iliwaka.

*Yupo.*

Mvi aliacha kutafuna.

"Ni Chungwa?" Kifutio aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Si Chungwa." Mvi alikuwa amekikaribia kioo mpaka pua ilikaribia kukigusa. "Ni pochi ambayo sikuitengeneza. Haina jina. Kifutio, hiki kitufe ulikitoa?"

"Nilikitoa Jumatatu. Tazama mwenyewe, skrini haipo."

"Sasa amebonyeza wapi?"

Aliinama chini ya meza akachomoa waya wa umeme. Kompyuta ilizima. Simu ya majaribio ilibaki imewaka, na neno lilibaki pale pale, mpaka Kifutio alipoigeuza kifudifudi. Tangu siku hiyo Mvi hakufanya mzaha wowote mle chumbani.

Jioni ile, kabla hajaondoka, Kifutio alifanya kitu ambacho msanifu hukifanya akitaka kujua watu wanakitumiaje kitufe. Kila kubonyeza kunaacha kumbukumbu ya muda ambao kidole kilikaa juu ya kioo. Wengi hugusa na kuondoka, kufumba na kufumbua. Alizitafuta kumbukumbu za fundi wa lifti, tangu enzi za uhai wake. Zilikuwa fupi, za mtu mwenye haraka na njaa. Baada ya ajali zilianza kurefuka. Kwanza kama pumzi moja. Kisha kama mtu anayesoma bango. Wiki hii zilikuwa ndefu kiasi kwamba Kifutio alijaribu kubonyeza kitufe kwa muda kama huo na kidole kikaanza kumwuma.

Aliijua alama hiyo, alikuwa ameisoma chuoni na kuiona kwa macho yake. Kitufe kisichojibu, mtu hukibonyeza kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Akili yake hukataa kwamba hakuna anayesikia. Hofu ilimwingia, na pamoja nayo uchungu, uchungu mkubwa kuliko hofu.

Alhamisi alimfuata Bosi.

"Hapana," Bosi alisema hata kabla hajamaliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuza gari lake ili mishahara ilipwe. "Toleo limefungwa, hakiongezwi hata kinukta. Unajua tunafanya nini kesho? Tunazima la zamani mbele yao, tunawasha jipya na watu wetu wote ndani, kwa mara moja, waone halitetereki. Hiyo ndiyo pochi ya yule mtu wako mwenye kioo kilichopasuka. Si ndiye unayemwimba kila siku?"

"Ndiye. Lakini nimemwahidi mama."

"Ukimwongezea kitufe marehemu mmoja, marehemu wengine watapeleka wapi malalamiko?" Alicheka, akaona Kifutio hacheki, akaacha. "Sikiliza mdogo wangu. Uko kwenye majaribio. Ukiligusa, sitakuwa na la kukusaidia."

Jioni alikwenda kwa mama kumwambia kwamba imeshindikana. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno njiani. Mama alikuwa mshona mapazia, na chumba chake kilikuwa kimetundikwa mapazia ya madirisha ya watu wengine kuta zote nne, mazito, marefu, yamefika sakafuni, na nyuma ya kila pazia palikuwa na ukuta mtupu. Feni iliyapeperusha. Kila mara Kifutio alidhani mtu yuko nyuma ya mojawapo.

"Kaa, mwanangu. Sogeza hilo la bluu, ni la daktari wa meno."

Kifutio alikaa. Kabla hajafungua mdomo, mama alianza kumweleza habari za marehemu, kitindamimba wake, jinsi alivyokuwa mwoga wa paka na hodari wa kuning'inia kwenye kamba ndani ya shimo la lifti.

"Kazi aliyoipenda ni kuwatoa waliokwama," mama alisema. "Alikuwa akinichekesha. Eti watu wazima, na suti zao, wanabonyeza kengele mpaka kidole kinaota sugu. Nikamwuliza, giza ndilo linalowatisha? Akasema hapana mama, giza wanalizoea. Kinachowatia wazimu ni kengele isiyojibiwa. Nikifika mlangoni, akasema, hata kabla sijagusa chombo, naita tu: nimesikia! Basi wanaachia. Wanakaa chini wanasubiri kwa amani."

Feni ilizunguka. Pazia la daktari wa meno liliinuka na kushuka.

"Ulikuwa na neno?" mama aliuliza.

Kifutio alimeza mate, na ile hotuba yote aliyoipanga njiani ikateremka nayo. "Nilikuja kuuliza," alisema, "kwenye kitufe chako kiandikwe nini."

Mama alifikiri, sindano ikiwa mdomoni. Akaitoa. "Andika *Nimesikia*. Analijua."

Katika ofisi ile hakuna badiliko lililoweza kuingia kwenye mfumo kwa mkono mmoja. Liwe la kuongeza au la kuzima, lilihitaji sahihi mbili, ya msanifu na ya mtengeneza programu, kila mmoja kwa ufunguo wake. Bosi mwenyewe ndiye aliyeliweka sharti hilo, ili mtu mmoja asije akaipeleka mrama mali ya watu. Ijumaa asubuhi Kifutio alimsubiri Mvi mlangoni.

"Usiniambie," Mvi alisema alipomwona.

"Kitufe kimoja. Kwa simu moja. Siku moja."

"Nina mke, nina watoto mapacha, nina mama mkwe anayeniamini kwa shida." Alijikuna mvi zake. "Na tangu juzi siwezi kula chakula cha mchana. Lete."

Walikitengeneza upesi, wakakiingiza kwenye toleo la zamani, wakatia sahihi zao mbili. Mama alikuja mapema, akakaa kwenye chumba kidogo cha vifaa kando ya mashine ya kuchapisha, simu mkononi. Kwenye kioo chake, chini ya yale maneno mengi, palikuwa na kitufe kipya cha kijani. Kilikuwa kimezimwa. Kingewaka marehemu atakapobonyeza upande wa pili.

Wakubwa wa kampuni ya simu walifika kabla ya wakati, jambo lililomwongezea Bosi jasho. Walikaa mbele ya kioo kikubwa. Bosi aliwaonyesha skrini tatu tu, safi kama maji, na mmoja wao, mama mwenye miwani, alisema, "Hata mimi nitaiweza." Kifutio alisikia fahari ikimpanda kifuani. Hiyo ndiyo sentensi aliyoisubiri tangu chuo.

"Sasa tunaizima ya zamani," Bosi alisema, "na papo hapo mtaiona mpya ikiwabeba wote. Sahihi, tafadhali."

Mvi alitia yake bila kumtazama mtu. Kwenye kioo kikubwa kikatokea: *Inasubiri sahihi moja.*

Kifutio hakusogeza mkono. Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo, na kutoka chumba cha vifaa alikuwa amesikia mtetemo wa simu ya mama.

"Msanifu," Bosi alisema, akitabasamu kwa wageni. "Sahihi."

"Naomba kidogo, Bosi."

Kwenye kompyuta yake ndogo kumbukumbu ya fundi wa lifti ilikuwa imefunguka. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Namba ya muda ilipanda, ikapanda, haikusimama. Ilipita ya jana. Ilipita ya siku zote. Taa za ofisi zilififia, zikarudi, na katika ule ukimya kila mtu mle ndani, hata mama mwenye miwani, alisikia mlio mdogo usiokatika, kama wa kengele iliyo mbali sana chini ya sakafu. Mgeni mmoja alitazama viatu vyake.

Kifutio aligeuka kuelekea chumba cha vifaa. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama. Kitufe cha kijani kilikuwa kimewaka na kumwangaza uso. Kidole chake kilikuwa hewani, hakishuki.

"Nikimjibu, hatabonyeza tena," mama alisema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wako wawili tu.

"Sijui, mama," Kifutio alisema. "Huenda."

"Na nisipomjibu?"

Mlio uliendelea.

"Tia sahihi," Bosi alisema. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Alikuja akainama sikioni mwake. "Wanasimama. Unawaona? Wanasimama. Mdogo wangu, nakuomba. Nimeweka kila kitu hapa."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Kifutio aliuona mkoba wa mama mwenye miwani ukipandishwa begani. Aliziona skrini zake tatu kwenye kioo kikubwa, nzuri, tayari, zikingoja kidole chake tu. Alifikiri juu ya yule mtu wake mwenye kioo kilichopasuka, ambaye sasa angesubiri tena, pengine sana. Machozi yalimlenga. Aliikalia mikono yake yote miwili kama mtoto, ili isimsaliti.

"Chukua muda wako, mama," alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

Viti vilisogezwa. Mtu alisema wangewasiliana. Mlango wa nje ulifunguliwa, ukafungwa, na viatu vikateremka ngazi. Bosi alibaki amesimama katikati ya ofisi, mikono imening'inia. "Kitambulisho chako ukiache mezani," alisema bila hasira, na hilo pia liliuma.

Kifutio alikivua shingoni akakiweka. Kisha akachukua kompyuta yake ndogo, akaenda kwenye chumba cha vifaa, akavuta sanduku la karatasi, akakaa kando ya mama. Mlio ulikuwa mkubwa zaidi pale. Ulitoka kila mahali na haukutoka popote.

"Wameondoka wageni wenu," mama alisema.

"Wameondoka."

"Kwa ajili yangu."

"Nilikuahidi, mama."

Mama alivuta pumzi. Kidole chake kikashuka, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, kikagusa *Nimesikia*.

Mlio ulikatika.

Walisikia feni ya mashine ya kuchapisha, magari ya nje, na Mvi kule ofisini akipenga kamasi. Kifutio aliitazama kumbukumbu. Namba ilikuwa imesimama.

"Ameachia?" mama aliuliza.

"Ameachia, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Kifutio aliivuta kompyuta karibu, akatia sahihi yake, na toleo la zamani likazima.